Umegongwa na gari ukitembea kwa miguu: haki zako na mahali pa kupata msaada wa kisheria

Barabara kuu nyingi nchini zinapita katikati ya vijiji. Upande mmoja kuna shule na zahanati, upande wa pili kuna makazi na mashamba. Kila siku wanafunzi, akina mama wanaotoka sokoni na wazee wanaokwenda kliniki wanavuka barabara hizo. Ajali ikitokea, mara nyingi mambo humalizwa palepale. Dereva anatoa fedha kidogo ya dawa, karatasi inasainiwa mbele ya mashahidi, gari linaondoka. Miezi mitatu baadaye mfupa haujaunga, hospitali ya mkoa inataka upasuaji mwingine, na simu ya dereva haipatikani.

Sheria za Tanzania Bara zinampa majeruhi haki kubwa kuliko hiyo. Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kuwa na bima, na bima hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wa nje ya gari, wakiwemo watembea kwa miguu. Lakini fidia haiji yenyewe. Inategemea sana mambo yaliyofanyika siku za kwanza baada ya ajali na karatasi zilizotunzwa. Katika makala hii tunaeleza haki hizo, hatua za kufuata, na mahali pa kupata msaada wa kisheria hata kama huna fedha za wakili.

Tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za barabarani na sheria yake ya msaada wa kisheria.

Sheria inasema nini

Sheria mbili ndizo za kukumbuka. Ya kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Hii inamtaka dereva aendeshe kwa uangalifu, awape nafasi watu walio kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, na asizidishe kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi yaliyowekewa alama. Ajali ikitokea, dereva anatakiwa kusimama, kumsaidia majeruhi na kutoa taarifa polisi. Kukimbia ni kosa jingine juu ya kosa la kugonga.

Ya pili ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila bima inayofidia kifo au majeraha ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyeumizwa, yaani wewe.

Wengi wanadhani gari lenye "bima ndogo" halilipi kitu. Sivyo. Tofauti ya bima ndogo na bima kubwa inamhusu zaidi mwenye gari: bima kubwa inalipa pia hasara ya gari lake. Kwa mtembea kwa miguu aliyeumizwa, zote mbili zinamhusu. Kwa hiyo dereva akikwambia, "Mimi sina hela, nina bima ndogo tu," elewa kwamba bima hiyo ndogo ndiyo unayoitafuta.

Saa za kwanza: kabla gari halijaondoka

Uhai kwanza. Piga simu polisi namba 112 au kituo cha karibu, na mpeleke majeruhi kwenye kituo cha afya. Ukiwa ndugu au jirani uliyefika eneo la ajali, fanya haya wakati wengine wanamhudumia majeruhi:

1. Piga picha ya namba ya gari. Kama simu haina kamera, iandike au itume kwa ujumbe kwa mtu mwingine ili isipotee. Pikipiki na bajaji zina namba zinazoanza na MC.

2. Piga picha ya gari lilivyosimama, alama za breki, kivuko, vibao vya barabarani na mahali majeruhi alipoangukia. Mvua au magari mengine yakipita, alama hizo zinafutika.

3. Andika jina na simu ya dereva, na jina la mwenye gari. Mara nyingi dereva ni mwajiriwa tu.

4. Andika majina na simu za watu wawili au watatu walioona tukio kwa macho yao. Shahidi wa kweli ni aliyeona, si aliyesimuliwa.

5. Msimpige dereva wala msichome gari. Hilo ni kosa la jinai, na linaharibu ushahidi ambao ungemsaidia majeruhi.

Gari likikimbia na hakuna aliyeona namba, hakuna mmiliki wala kampuni ya bima ya kudai. Ndiyo maana namba ya gari inatangulia kila kitu kingine katika orodha yetu. Hata ukikumbuka nusu yake, rangi ya gari, maandishi ya ubavuni au jina la basi, waambie polisi mapema. Wanaweza kuwasiliana na vituo vya mbele kwenye barabara hiyohiyo.

Polisi na fomu ya PF3

Ajali iliyomjeruhi mtu lazima ifike polisi. Ukitoa taarifa, omba namba ya RB au namba ya jalada na uiandike. Bila namba hiyo, kufuatilia shauri lako baadaye itakuwa kazi kubwa.

Polisi watakupa PF3, fomu ambayo daktari anajaza kueleza majeraha. Fomu hii hutolewa bure. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali kwanza. Ndugu mmoja afuate fomu polisi wakati majeruhi anatibiwa. Daktari akishaijaza, piga picha pande zote kabla ya kuirudisha. Hakikisha majeraha yote yameandikwa. Mtu aliyevunjika mguu na kupata maumivu ya kichwa, fomu ikitaja mguu peke yake, atapata shida kudai matibabu ya kichwa baadaye.

Askari wa usalama barabarani atachora ramani ya eneo la ajali, gari litakaguliwa, na maelezo ya mashahidi yatachukuliwa. Kampuni ya bima itahitaji nakala za taarifa hizo. Ombeni kwa maandishi, na mtunze nakala ya barua yenu.

Kama kituoni hakuna kinachoendelea, nenda kwa mkuu wa kituo. Ukikwama hapo, kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au mkoa. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo.

Kumalizana nyumbani kuna hatari gani

Sulhu si kosa, na msaada wa dereva kwa majeruhi ni jambo jema. Hatari iko kwenye karatasi. Tuchukue mfano. Dereva anatoa shilingi 200,000, na familia inasaini maandishi yanayosema "hatuna madai mengine." Wiki mbili baadaye picha ya eksirei inaonyesha nyonga imepasuka. Karatasi ile sasa itatumiwa na dereva, mwenye gari na kampuni ya bima kusema kwamba mlishamalizana.

Njia salama ni kupokea msaada bila kufunga mlango. Andikeni wazi: "Tumepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani kwa ajili ya matibabu ya awali. Malipo haya hayamalizi madai ya majeruhi." Kila upande ubaki na nakala. Asiyejua kusoma asiweke dole gumba kabla ya kusomewa maandishi yote na mtu anayemwamini. Na mazungumzo ya fidia ya mwisho yasubiri mpaka daktari aeleze kama kutakuwa na ulemavu au matibabu ya baadaye.

Ajali moja, mashauri mawili

Hapa wananchi wengi hupoteza haki yao. Ajali moja inaweza kuzaa mashauri mawili tofauti.

La kwanza ni la jinai. Jamhuri inamshtaki dereva kwa kuendesha kwa uzembe au kwa hatari. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini au kufungwa. Faini hiyo inakwenda serikalini, si kwako. Mahakama inaweza kuamuru alipe pia fidia, kwa hiyo mwombe mwendesha mashtaka aliombe jambo hilo. Lakini usilitegemee peke yake.

La pili ni la madai. Hili unalifungua wewe dhidi ya dereva na mwenye gari, ukiomba fidia kamili. Mwenye gari anahusishwa kwa sababu dereva aliyekuwa kwenye kazi yake anabeba jina lake. Wengi wananunua magari bila kubadilisha kadi, hivyo jina lililo kwenye kadi linaweza kuwa la mtu aliyeuza zamani. Mtajie mwanasheria wako majina yote mawili.

Mashauri haya yanagusana. Hukumu ya kumtia dereva hatiani ni ushahidi mzito katika shauri la madai. Vilevile dereva akiachiwa kwa sababu mashahidi hawakufika, njia yako ya fidia nayo inakuwa ngumu. Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Fuatilia tarehe za kesi, kwa sababu dereva anaweza kukiri kosa, kulipa faini na kuondoka bila wewe kujua. Kesi ikiisha, omba nakala ya hukumu.

Fidia inahesabiwaje

Mahakama zinagawa hasara katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni hasara halisi, ile inayohesabika kwa shilingi: dawa, vipimo, upasuaji, magongo, nauli za kwenda kliniki, na kipato ulichokosa ukiwa kitandani. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwa miaka mingi kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe moja moja na ithibitishwe. Kwa lugha ya nyumbani, shilingi isiyo na risiti ni vigumu kulipwa. Dai risiti kila duka la dawa na kila hospitali. Nauli ya bodaboda isiyo na risiti, iandike kwenye daftari kwa tarehe, na mwombe dereva asaini. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo.

Mkulima au mama lishe hana hati ya mshahara, lakini ana ushahidi. Stakabadhi za chama cha ushirika, daftari la mauzo, risiti za ushuru wa soko, au maelezo ya jirani anayefanya kazi kama yake vinaweza kuonyesha alikuwa anaingiza kiasi gani.

Fungu la pili ni fidia ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika. Hii hakimu anaipima mwenyewe kwa kuangalia ushahidi, hasa ripoti ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu.

Je, kama na wewe ulikosea? Labda ulivuka ghafla, au ulitembea usiku katikati ya lami. Usijihukumu mwenyewe ukaacha kudai. Mahakama inaweza kugawa lawama. Ikiona hasara ni shilingi 10,000,000 na wewe umechangia ajali kwa asilimia 30, utapata shilingi 7,000,000.

Kudai kwa kampuni ya bima

Hatua ya kwanza ni kuijua kampuni. Polisi huandika taarifa za bima kwenye jalada. Pia tovuti ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina sehemu ya kuhakiki bima ya gari kwa kutumia namba ya usajili. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Angalia kama bima ilikuwa hai siku ya ajali, si siku unayoangalia.

Hatua ya pili ni kuandika barua ya madai kwa kampuni hiyo mapema, ukieleza tarehe, mahali, namba ya gari, namba ya RB na majeraha. Ambatisha nakala, hati halisi zibaki kwako. Barua ikipokelewa, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri.

Hatua ya tatu ni kupima ofa. Kampuni ikikubali, itakupa hati ya kusaini kabla ya kulipwa. Hati hiyo kwa kawaida inamaliza madai yote, kwa hiyo msomeshe mwanasheria au msaidizi wa kisheria kabla ya kusaini.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, peleka malalamiko TIRA, yenye ofisi za kanda, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukiambiwa "dereva hakuwa na leseni" au "alikuwa amelewa," usilichukue jibu hilo kuwa la mwisho. Hayo ni mambo kati ya kampuni na mteja wake, na mwanasheria anapaswa kuyatazama kabla hujakata tamaa.

Ikibidi kwenda mahakamani, kwa kawaida unamshtaki dereva na mwenye gari, si kampuni. Ukishinda, sheria inaitaka kampuni ilipe hukumu hiyo. Lakini kampuni lazima iwe imejulishwa kuhusu shauri, kwa hiyo mwanasheria wako aiandikie mara tu shauri linapofunguliwa.

Muda wa kudai

Kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, madai ya namna hii yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Wapo wanaozungushwa kwa "njoo wiki ijayo" mpaka muda unaisha mikononi mwao.

Hali zinazohitaji uangalifu zaidi

Mtoto: mzazi au mlezi anaweza kufungua shauri kwa niaba yake. Kwa mtoto, muda wa ukomo haumbani mpaka afikishe miaka 18, lakini usisubiri. Mashahidi wanahama, na majalada yanapotea.

Kifo: mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea marehemu wana haki ya kudai fidia. Tunzeni kibali cha mazishi, ripoti ya uchunguzi wa mwili na cheti cha kifo, na fungueni mirathi mapema ili msimamizi apatikane.

Gari la serikali: namba zake huanza na herufi kama ST kwa serikali kuu, SM kwa serikali za mitaa na SU kwa mashirika ya umma. Kabla ya kufungua shauri, sheria inakutaka utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mtafute mwanasheria mapema.

Bodaboda isiyo na bima: kukosa bima ni kosa, lakini hakufuti haki yako. Unaweza kumdai mwendeshaji na mwenye pikipiki wenyewe. Chunguza nani hasa mmiliki, kwa kuwa vijana wengi wanaendesha kwa mkataba.

Ulikuwa kazini: kama umeajiriwa na uligongwa ukitekeleza kazi ya mwajiri, mwulize pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Msaada wa kisheria bila fedha ya wakili

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Ngazi ya karibu ni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao wapo katika wilaya nyingi. Watakueleza haki zako, watakusaidia kuandika barua, kupanga nyaraka na kukuelekeza kwenye ofisi sahihi. Hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani wala kukutoza ada. Waulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii, kwa mtendaji wa kata, au halmashauri.

Kwa shauri linalohitaji wakili, zipo taasisi zinazotoa msaada bila malipo kwa wanaostahili. Miongoni mwake ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS. Wanawake wanaweza pia kwenda TAWLA au Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yako ya kipato. Uliza pia kama unaweza kuomba msamaha wa ada za mahakama.

Jihadhari na vishoka. Hawa hufika wodini au msibani wakiahidi mamilioni, wanachukua PF3 na hati zako halisi, kisha wanapotea. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania unakuwezesha kuangalia kwenye simu kama mtu ni wakili kweli. Mkikubaliana na wakili kuhusu malipo, makubaliano yawe ya maandishi, na usimpe mtu yeyote hati halisi bila kubaki na nakala.

Hifadhi kwenye simu yako

Polisi: 112. TAKUKURU: 113. Ongeza namba ya kituo chako cha polisi, ya mtendaji wa kijiji na ya msaidizi wa kisheria wa wilaya yako.

Mkipata ajali katika familia, fungueni bahasha moja na mweke ndani yake:
- namba ya gari na namba ya RB;
- picha za eneo la ajali;
- nakala ya PF3 na ripoti za daktari;
- risiti zote, hata za shilingi 500;
- majina na simu za mashahidi;
- nakala za barua zote zilizotumwa na kupokelewa;
- tarehe ya ajali, na chini yake tarehe ya kutimia miaka 3.

Makala hii ni elimu ya jumla. Kila ajali ina mazingira yake, kwa hiyo beba bahasha hiyo na umwone msaidizi wa kisheria au wakili mapema iwezekanavyo. Na kama kuna jirani yako aliyegongwa na hajui pa kuanzia, msomee ukurasa huu.